Mlango Ulioandikwa Kwenye Kopo

Mlango wa nyumba yetu una makomeo mawili, na mimi ni la tatu. Muulize yeyote mtaani. Wauza ndoo, watu wa bima, jamaa za mume wangu wanaokumbuka undugu chakula kikiiva, wote wamenikuta nimesimama pale, mkono kiunoni. Sina ubaya na mtu. Ila nyumba ina mwenyewe, na asiyejua hivyo ataelezwa. Kwa hiyo siku mkamwana wangu aliponiambia kwamba anwani ya nyumba hii itachapwa kwenye makopo ya mafuta na kusambazwa madukani, nilimtazama usoni kwanza nione kama ana homa.

"Ichapwe ya nini?" nikamuuliza.

"Ni sheria, mama. Ukitaka kuuza kipodozi, lazima uwataarifu Mamlaka ya vipodozi kabla hakijafika dukani. Unawaambia kinaitwaje, kina nini ndani, kinatengenezwa wapi, na nani anawajibika kikimdhuru mtu. Huyo anayewajibika, jina lake na mahali anapopatikana viandikwe kwenye kopo."

"Na mahali penyewe ni hapa."

"Mimi si napatikana hapa, mama?"

"Kwa hiyo kila mwenye chunusi atakuja kunigongea."

"Atakuwa amekuja kwangu."

"Mlango ni mmoja," nikamwambia, nikaenda zangu kuanua nguo.

Si kwamba niliyadharau mafuta yake. Mafuta yale nayajua tangu yalipokuwa hayana jina. Mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na maji mdomoni, alizaliwa na ngozi yenye ukurutu. Nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko ngozi ilikuwa ikipasuka na kutoa majimaji, na yule mtoto, ambaye kwa kawaida huongea mpaka na kuku, alikuwa akikaa kimya akijikuna. Kila mafuta tuliyomnunulia yalimchoma. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba kinachomchoma ni harufu. Yale mafuta yalikuwa yananukia waridi, yananukia tunda, yananukia kila kitu isipokuwa mafuta.

Basi mkamwana akakusanya vyote vyenye harufu akavitoa nyumbani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la mikate, na watu wa mikate hawakadirii, wanapima. Akapima siagi ya shea, akapima mafuta ya alizeti na nta ya nyuki. Akayeyusha, akakoroga, akapoza, akampaka mtoto. Yakiwa mazito alipunguza nta, yakiwa mepesi aliiongeza, na kila alichopunguza na kuongeza alikijua kwa gramu. Ngozi ya Chiriku ikatulia. Jirani akaomba kidogo kwa ajili ya mama yake mzee, mwenye visigino vilivyopasuka. Muuguzi mmoja akayasikia. Mara watu wakawa wanakuja, na mimi mlangoni nikapata kazi ya ziada. Mafuta tukayaita Kimya, maana puani hayapigi kelele.

Lakini alikuwa akiyauza kwenye mkoba, makopo yamefungwa ndani ya kanga, akiangalia nyuma kama mtu aliyeiba. Na hilo ndilo lililomkera. Mkamwana wangu alitaka jambo moja tu hapa duniani, nalo ni kuyaona mafuta yake yamekaa kwenye rafu ya duka, mchana kweupe, yana namba ya Mamlaka, na yeye asimwogope mtu. Mwenye duka la dawa la njia panda alikuwa anafungua duka la pili mkabala na hospitali. Alimwahidi rafu ya karibu na mlango siku ya ufunguzi. "Ila bila namba, dada, sigusi," alimwambia. "Mimi nina leseni yangu ya kulinda."

Ndiyo maana, nilipomaliza kuanua nguo, nilirudi nikamwambia aandike anwani anavyotaka. Sikumwambia kwamba nimekubali. Nilimwambia tu kwamba geti ni la bluu, asije akaandika kijani.

Kumbe anwani ilikuwa mwanzo tu. Ilitakiwa orodha ya kila kilichomo, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Ikatakiwa picha ya lebo. Mwanangu, ambaye ni dereva wa malori na nyumba anaiona zaidi kwenye simu, alipiga kutoka safarini akashauri iandikwe kwa herufi kubwa: *Yanaponya Ukurutu*. Mkewe akamjibu kwamba alishauliza ofisini. Kinachoponya ni dawa, na dawa ina mlango wake na vipimo vyake. Kipodozi kinalainisha, kinasafisha, kinapendezesha, basi.

"Lakini si kweli yamemponya mwanangu?" mume wake alilalamika.

"Yamemtuliza. Kuponya ni neno la daktari. Mimi nitasema ninachoweza kukisimamia."

Nilisikia hayo nikiwa nachambua mchele, na nakwambia bila aibu, nilijivuna. Mwanangu alikuwa amepata mtu.

Tena ikatakiwa chumba. Mafuta yasitengenezwe jikoni kunakopikwa chakula. Sisi tulikuwa na chumba cha wageni, na kwa kuwa wageni mimi siwapokei, chumba kilikuwa hakina kazi. Nikakitoa. Tukapaka rangi nyeupe, tukaweka wavu dirishani, meza inayofutika, mizani, sufuria zisizopikiwa kitu kingine. Mkamwana akaweka masharti: viatu mlangoni, nywele zifunikwe, mikono ioshwe hadi kwenye viwiko. Kila mkupuo, yaani mafuta yaliyokorogwa kwa pamoja, una namba yake. Na hakuna kopo linalofungwa kabla kijiko cha kwanza hakijapakwa kwenye kiwiko cha Chiriku. Mafuta ni yake, alikuwa akisema, yeye ndiye anayeyaruhusu kutoka.

Sasa nikufahamishe kuhusu mume wangu, maana bila yeye hadithi hii ingeisha hapa kwa heri na amani.

Mume wangu ni kinyozi. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata mimi nikiwa nimekasirika. Ana kiti chake, kioo chake, na chupa ya marashi ya kijani ambayo sijawahi kuiona tupu. Hajawahi, tangu ujana wake, kumwachia mteja ainuke kitini bila kumpiga marashi shingoni. "Mtu asiyenukia hajanyolewa," ndivyo asemavyo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu amekata za watu muda mrefu mpaka anadhani zote ni zake.

Alipoiona lebo imeandikwa *Hayana manukato*, alishika kichwa.

"Mwanangu," akamwambia mkamwana, kwa upole, maana anampenda, "unatangaza kasoro kwenye kopo lako mwenyewe?"

"Si kasoro, baba. Ndiyo sifa yake."

"Watu wananunua kwa pua. Mtu akifungua, pua ndiyo inafika kwanza."

"Kizuri chajiuza, baba."

"Chajiuza, lakini kinanukia kwanza."

Tukacheka. Ningekuwa na akili siku ile nisingecheka.

Mamlaka wakatuma ujumbe kwamba afisa atakuja kukiona chumba na kuchukua sampuli ya mkupuo utakaopelekwa dukani. Jana yake mkamwana akatengeneza mkupuo mkubwa kuliko yote. Makopo yakapangwa mezani, meupe, vifuniko vikiwa pembeni ili mafuta yapoe. Mimi nilisimama mlangoni, kanga kichwani, miguu mitupu, nikiyatazama. Yalikuwa yamejaa sawasawa, hakuna lililomzidi mwenzake. Yule binti alikuwa amechoka mpaka macho yamemwingia ndani, lakini alikuwa anatabasamu mwenyewe.

Asubuhi akampaka Chiriku kiwikoni kama kawaida, akaanza kufagia na kupanga karatasi zake. Saa ya afisa ilikuwa inakaribia nilipomsikia mjukuu wangu ukumbini. Yaani sikumsikia, na ndicho kilichonishtua. Alikuwa amekaa sakafuni, amenyamaza, anajikuna.

"Bibi," akaniambia, "yanachoma."

Mkunjo wa kiwiko ulikuwa mwekundu, umevimba. Mama yake alimwosha kwa maji ya baridi, akaenda moja kwa moja mezani, akainua kopo, akalinusa. Akainua la pili. Kisha akanipa mimi la tatu bila kusema neno.

Harufu ilikuwa ndogo sana. Mtu mwingine asingeijua. Lakini mimi nimelala ubavuni mwa marashi yale tangu nilipoolewa, na hata ukiyazika nitayafukua.

Nilivuka barabara hadi kwenye kibanda chake cha kunyolea bila hata kuvaa viatu. Alikuwa na mteja, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado.

"Umetia nini kwenye makopo ya watu?"

Akashusha mashine polepole. "Tone tu," akasema. "Tone moja moja. Nilitaka huyo mgeni wa serikali akifungua apate kitu cha kumkaribisha." Aliona uso wangu, akaongeza haraka, "Nilivua viatu. Na kofia nilivaa."

Ningemkasirikia vizuri zaidi kama asingesema hilo la viatu. Mtu mzima amenyata alfajiri, amenawa mikono hadi viwikoni, amefunika kipara chake ambacho hakina hata unywele wa kudondoka, ameingia kuharibu kazi yote kwa nidhamu kamili.

"Mtoto anajikuna," nikamwambia. Hapo ndipo alipokaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, mteja akabaki ameduwaa na shuka shingoni.

Niliporudi nilikuwa tayari nimepata ufumbuzi. Kabatini kwangu kulikuwa na makopo ya mkupuo wa nyuma, safi, ambayo mkamwana alinipa kwa matumizi yangu. "Mpe afisa hayo," nikamwambia. "Mafuta ni yale yale uliyowaandikia. Haya mabaya tutayaficha, duka litafunguliwa, hakuna atakayejua."

Alikuwa amempakata Chiriku, kitambaa cha maji kimekaa kiwikoni.

"Namba ya mkupuo niliyowapa ni ya haya, mama. Nikimpa mengine kwa namba hii, nitakuwa nimeanza uongo kabla sijaanza biashara."

"Ni uongo mdogo."

"Na yeye alitia tone dogo."

Geti likagongwa.

Afisa alikuwa mwanamke wa miraba minne, mkoba begani, viatu vya kufunga kamba. Mlangoni pa kile chumba alivifungua mwenyewe bila kuambiwa, na hapo nikampa alama moja. Akatazama wavu, akatazama mizani, akapitisha kidole juu ya meza na kukiangalia. Akafungua jalada lake. Mume wangu alikuwa amefika, amesimama nyuma yangu, kofia mkononi, ananukia kama kawaida yake maskini.

"Pamekaa vizuri," afisa akasema, akanyoosha mkono kuchukua kopo.

"Hayo usichukue," mkamwana akamwambia.

Afisa akasimamisha mkono.

"Hayo si niliyowaandikia. Nimesema hayana manukato, na haya yana manukato. Nimegundua leo asubuhi. Yamemwasha mtoto wangu."

Afisa alinusa, akanusa tena, akatikisa kichwa. "Mimi nisingeyasikia," akasema. Kisha akauliza swali ambalo nililijua linakuja. "Nani ameyatia?"

Nilimsikia mume wangu anavuta pumzi nyuma yangu. Mkamwana hakugeuka kumtazama. Hata jicho halikucheza.

"Kwenye fomu mmeuliza nani anawajibika," akajibu. "Nimejiandika mimi."

Mimi nimewahi kujivunia mambo mengi, mengine ya kipuuzi, kama pazia na mwendo wangu wa ujanani. Lakini nilivyojisikia pale, nikiwa miguu mitupu mlangoni, sijawahi kujisikia hivyo. Nilitaka mtaa mzima uwe umejipanga nyuma yangu usikie. Yule aliyesema vile anaishi kwangu. Anakula mezani kwangu. Ni wangu.

Kinyozi hajinyoi, lakini wangu siku ile alijaribu. Alinisogeza kidogo kwa bega, akajitokeza.

"Binti, ni mimi," akamwambia afisa. "Yeye hakujua. Nilidhani nasaidia."

Afisa aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mzee, wewe fomu haikujui," akasema. "Fomu inamjua yeye, na yeye ameshajibu." Akamgeukia mkamwana. "Unafanya nini na haya?"

"Nayatoa. Hakuna hata moja litakalouzwa."

"Basi sina cha kuchukua leo. Nitaandika kwamba sampuli haikuwa tayari, na kwamba umesema mwenyewe. Ukiwa na mkupuo mwingine, uniite. Ila foleni ni ndefu. Siwezi kukuahidi kwamba nitarudi kabla ya hilo duka lako kufunguliwa."

"Naelewa."

"Watu wengi wanadhani sisi tunatoa cheti cha kusema kitu ni kizuri," afisa akasema, akifunga kamba za viatu vyake. "Hatusemi kizuri. Wewe unatuambia unachouza, basi tunakushika kwa maneno yako." Nilimsindikiza hadi getini. Wengi huishia mlangoni.

Duka likafunguliwa bila sisi. Mwenye duka la dawa alikasirika, na rafu ya karibu na mlango akampa mtu mwingine, mafuta ya pinki yanayonukia hadi barabarani. Mkamwana alikwenda siku ile ya ufunguzi, akasimama ng'ambo akatazama watu wakiingia, akarudi akalala kifudifudi mchana kutwa. Aliumia, nisidanganye. Chiriku alimpelekea chai akakaa naye akimweleza habari za kuku.

Mkupuo ulioharibika mume wangu aliuomba. Haukuwa wa kuuza, basi akaumaliza mwenyewe kwenye kipara chake. Alikuwa anang'aa hata unaweza kujitazama. Na jioni moja alikuja na fundi, akatia kitasa kipya kwenye mlango wa kile chumba cheupe. Ufunguo ulikuwa mmoja. Alimpa mkamwana mbele yetu sote, kwa mikono miwili.

"Hata mimi nikiomba, usinipe," akamwambia.

Hivyo nyumbani mwangu kuna chumba ambacho sina ufunguo wake. Ningekuwa mtu mwingine ningenuna. Mimi nawaonyesha watu kile kitasa.

Afisa alirudi, na safari hii nilimfungulia kabla hajagonga. Alichukua sampuli yake, akaondoka. Tukangoja, tukangoja mpaka tukachoka kungoja, ndipo namba ikaja. Mkamwana aliisoma kwenye simu, akaisoma tena kwa sauti, halafu akaanza kulia. Mwanangu alikuwa kwenye simu kutoka huko barabarani kwake akiuliza nini kimetokea, nani amekufa. Nikamwambia nyamaza, mkeo amepata namba.

Mwenye duka alikuwa na rafu moja iliyobaki, ya pili kutoka chini, karibu na pamba na plasta. Tukaikubali. Siku ya kwanza nilivaa vizuri nikaenda pale, eti nanunua pamba. Mkamwana alinikataza kusema neno lolote, nami nikaapa. Yalikuwa pale kweli, meupe, yamejipanga, mchana kweupe. Nilikaa muda mrefu nikichagua pamba.

Mama mmoja akaingia na mtoto mgongoni. Muuzaji akamwonyesha kopo la kujaribia. Akalifungua, akanusa.

"Mbona hayanukii?"

"Ndivyo yalivyo. Imeandikwa hapo," muuzaji akamjibu bila kuinua kichwa.

"Na yakimdhuru mwanangu? Vitu vya siku hizi unapaka leo, kesho ukimtafuta aliyevitengeneza humwoni." Akalirudisha kopo kwenye rafu.

Kiapo nilikuwa nacho, lakini kiapo nacho kina mpaka wake.

"Lipindue, mwanangu," nikamwambia. "Hapo chini pana jina na anwani. Ukiipita karakana ya baiskeli utaona geti la bluu. Huyo aliyeandikwa hapo ni mkamwana wangu."

Akalichukua tena, akalipindua, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akanitazama, juu hadi chini.

"Nikienda nitamkuta?"

"Utamkuta," nikamwambia. "Gonga tu. Mlango nafungua mimi."